Makopa ya Tunu

"Inuka, Filomena, umekalia makopa yangu."

"Siinuki, shoga. Nikiinuka sasa wataona najipeleka mwenyewe."

"Na mihogo yangu niliyoanika ikigeuka unga humo chini?"

Tunu ana haki, jamvi ni lake. Lakini mie nilikuwa na shughuli na Mungu.

Jumapili katekista alitufundisha kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi, huwapa neema wanyenyekevu. Wenzangu walitoka kanisani wametulia; mie nilitoka napiga mahesabu. Leo jumuiya yetu ya Tandika inachagua mwenyekiti, nyumbani kwa Anjelina, na cheo hicho nilishajitangazia bombani, kwenye foleni ya duka la ushirika, hadi kwa mke wa balozi wa nyumba kumi. Siku zote nakaa mbele kabisa. Leo nikajishusha: nikakaa nje ya mlango, nyuma ya ndala za watu, nimgoje katekista aseme, "Filomena, mbona huko? Sogea mbele." Macho yangu yakiwa mlangoni, jamvi la makopa ya Tunu, jirani wa Anjelina, sikuliona.

Nikakohoa kinyenyekevu. Hakugeuka mtu.

Ndani, Anjelina, ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, alikuwa anakataa uenyekiti.

"Mie sijui kusema mbele za watu. Mchagueni Filomena, ana mdomo."

"Filomena leo hakuja," katekista akasema.

Nikaufungua mdomo huo uliosifiwa. Halafu nikajipapasa nyuma: kanga yote unga. Niingie mbele ya jumuiya nzima na makalio meupe? Nikaufunga. Ndani wakapiga makofi. Hayakuwa yangu.

"Kumbe kunyamaza unaweza," Tunu akasema. "Ningejua, ningekuanikia makopa zamani."

Anjelina akatoka na birika la kunawia, akanikuta.

"Dada, umekaa nje na jua lote hili?"

"Alikuwa anasubiri kuitwa," Tunu akadakia.

Anjelina akaweka birika chini, akanikung'uta unga kama mtoto aliyeanguka, hakuuliza, hakucheka. Hilo la kutocheka ndilo lililonimaliza. Ningekuwa mie, kicheko kingefika Temeke Mwisho.

"Basi naita," akasema, akinimiminia maji mikononi. "Na wewe, Tunu. Ingieni tule, ugali huu wa yanga, wa mahindi ya njano, ukipoa hautafuniki."