Barabara Aliyoisogeza Mwanangu

Nawaandikia akina mama ambao barabara bado haijawafikia. Wakija kuwaonyesha picha ukutani, msitafute nyumba zenu tu. Mimi niliitafuta yangu, nikaiona imepona, na huko ndiko kumpoteza Kanze.

Kanze alikuwa jirani yangu hapa Magarini tangu tulipoolewa. Kati ya boma lake na langu palikuwa na ua wa makuti, na ule ua ulikuwa na tundu ambalo waume zetu walichoka kuliziba, maana tulilitoboa tena. Nikikuna nazi anasikia. Akisikia anauliza kwa sauti, "Mamake Mwaro, leo ni samaki au mchunga?" Nikisema mchunga, ile mboga chungu, anajibu kwamba leo hana njaa, halafu anakuja vilevile. Tangu tulipofiwa na waume tulikuwa tunakula pamoja, kwake au kwangu.

Mwanangu Mwaro anafanya kazi Mombasa, kwenye ofisi inayochora barabara. Nilidhani kuchora ni karatasi na rula. Akanieleza kwamba siku hizi barabara inajengwa kwanza ndani ya kompyuta, yote nzima, na mifereji yake, mabomba ya maji, nguzo za stima, hadi vibao vya kona. Wanaita modeli. Kila kitu humo kina kipimo chake, na vitu viwili vikigongana, tuseme bomba na mfereji, vinawaka nyekundu, nao wanarekebisha kabla tingatinga halijaja.

"Kukosea kwenye kompyuta, mama, hakubomoi kitu," aliniambia.

Kwanza walirusha droni juu ya mashamba. Kanze alikimbilia ndani, akatoka amejifunga leso nyingine. Alisema kama ni picha ya serikali, hataki kuonekana na leso ya kutolea sufuria motoni.

Kisha tukaitwa kwenye mkutano katika darasa la shule ya msingi. Injinia Gitau, kijana mpole wa kutoka bara, akatundika shuka nyeupe ukutani, akawasha projekta. Tukaona kwetu kutoka juu, na paa za watu, na minazi, akawa anaigeuza ile picha huku na huku kama chapati.

"Lile bati bovu ni la nani?" mtu akauliza.

"Ni lako. Leo umelikana?"

Watu wakacheka. Halafu Gitau akaiweka barabara, na nyumba zilizokuwa njiani zikawaka nyekundu. Yangu ikawaka. Na kaburi la Kazungu, mume wangu, lililo nyuma ya nyumba, nalo likawaka. Sikusikia tena kilichosemwa mle darasani.

Kanze alinishika mkono mpaka nyumbani. "Utahamia kwangu," alisema. "Kodi utalipa kwa kukuna nazi."

"Na mchunga utakula?"

"Hapo ndipo nitakapokufukuza."

Nilimpigia Mwaro simu, nikamwambia nimeona nyumba na kaburi la babake vimekuwa vyekundu. "Nimeona, mama. Hiyo ni njia moja tu, kuna nyingine tunazipima. Niachie mimi." Nikamwachia.

Mkutano wa pili Gitau alisema njia imesogezwa kidogo. Nikalitafuta paa langu. Lilikuwa kijani. Kaburi, kijani. Nikasema ahsante Mungu, na nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Kanze alikuwa amekaa nami kwenye deski moja, lakini macho yake yalikuwa pembeni kidogo ya paa langu. Barabara sasa ilipita kwake.

"Yako imepona, mamake Mwaro," alisema. "Hongera."

Mtu wa nyuma akauliza, "Kwani hapa ni nani aliye na mtoto ndani ya kompyuta?" Wengine wakacheka. Kanze hakucheka.

Jioni alikuja hadi kwenye tundu la ua, akasimama upande wake. "Ni Mwaro aliyeisogeza?"

"Sijui, Kanze."

"Basi muulize."

Nikamuuliza. Mwaro hakunificha. "Kuhamisha kaburi ni jambo zito, mama. Kuna vibali, kuna wazee, kuna kuchelewa. Kwa Kanze hakuna kaburi, mumewe alizikwa kwao Marafa. Nilisema hivyo kwenye kikao, na nikawaambia kabisa kwamba hapo ni kwetu. Wakubwa wakakubali."

"Na Kanze?"

"Atalipwa fidia. Atajenga nyumba nzuri kuliko ile."

"Irudishe ilipokuwa."

"Nini?"

"Irudishe. Mimi nahamia kwa Kanze, tumeshaelewana."

"Mama, huu si mstari wa penseli. Ukisogeza barabara, mifereji inasogea, kalvati za kupitishia maji zinasogea, nguzo zinasogea, na kazi ya wenzangu wote inaanza upya. Imeshatiwa sahihi." Kisha akasema taratibu, "Na baba nimpeleke wapi?"

Nikakata simu.

Nilimwendea Kanze, nikamwambia nimeomba irudishwe, imeshindikana. "Ni vizuri kwamba umeomba," alisema, na nikajua hajaniamini. Tangu siku ile nilikuna nazi, na hakuna aliyeuliza naipikia nini.

Pamela, bintiye, alikuja na lori kumchukua kwenda Junju. Kanze aliniachia kuku wake. Alisema kwenye lori hakuna nafasi, na mimi niliiona nafasi.

Sasa barabara imekwisha. Nikifungua mlango naona tuta la udongo ulioshindiliwa, limepanda karibu na paa, na juu yake vyuma vya pembeni. Magari yanapita juu yangu, nayasikia na siyaoni, na hakuna anayesimama. Walikokuwa wakikaa watu ni mtaro na nyasi. Njia ya kupita kwa miguu chini ya barabara ipo, lakini iko mbali, na magoti yangu hayanipeleki huko kila siku. Nakuna nusu ya nazi, ile nusu nyingine inaharibika.

Mwaro hupiga simu mara kwa mara. "Nakuona hapa, mama," husema. "Maji ya mvua yote yanakwenda upande wa pili. Uko salama." Na ni kweli, mvua imenyesha na ndani hamkuingia hata tone. Kazi yake anaijua. Lakini mwana anayemwona mama yake kwenye kompyuta kila siku haoni haraka ya kuja.

Alipokuja Krismasi alinifungulia laptopu. Nikaiona nyumba yangu, safi kuliko ilivyo. Kando ya barabara wanawake wawili walikuwa wanatembea na vikapu.

"Hawa ni akina nani?"

"Si watu wa kweli, mama. Tunawaweka ili picha isionekane tupu."

Nikamuuliza kama anaweza kumweka Kanze humo. Alidhani ni mzaha, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaifunga laptopu.

Ndiyo maana nawaambia, muulizeni injinia wale wekundu watakwenda wapi, na yule wa kijani atabaki na nani. Ulizeni kabla hawajatia sahihi. Kompyuta yao inajua bomba likigongana na mfereji. Hili la kubaki na nani hakuna aliyeiuliza, na isipoulizwa haiwaki.

Mwaro alinipa nauli, akasema nenda kamwone. Nikaenda Junju.

Kanze ana nyumba ya matofali, sakafu inang'aa. "Karibu mgeni," alisema, akamwita Pamela alete kiti, kile chenye mto. Kwa miaka yote ile kwa Kanze sikuwahi kukaa kwenye kiti. Tulikaa jikoni, kwenye mkeka, miguu tumeinyoosha. Nikakaa. Alinipikia pilau ya kuku. Nilipoinuka kumsaidia kumenya vitunguu, alinigusa bega. "Kaa, mamake Mwaro. Mgeni hapiki."

Tulizungumza habari za mvua na wajukuu. Akamuulizia Mwaro, nikasema mzima. "Yule mtoto ana akili," alisema. "Mungu amzidishie." Alisema kwa upole, hakuna neno la kushika. Akaniwekea paja la kuku, akala kipapatio.

Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani kama inavyopasa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Haya, safari njema," alisema. "Wasalimie wote huko nyumbani."

Nikamwambia nitawasalimia.