Jaribio la Baba Ngugi

Mume wangu Gakuru aliendesha lori miaka thelathini, na kwa sababu hiyo anaamini hakuna gari linaloweza kumdanganya. Mimi nimekaa naye muda mrefu kuliko hayo malori na nimeyaona yakimdanganya mara nyingi. Lakini Jumapili ile sikuwa na hamu ya kumcheka. Ilikuwa saa mbili asubuhi hapa kwetu Kitengela, boneti ya pikapu iko juu, na kondoo wa posa amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo akitafuna sukuma wiki zangu.

Kijana wetu Ngugi anataka kumwoa Nailantei, binti ya Simel wa Kisaju. Safari ya kwanza mvua ilituzuia. Ya pili tulifika saa tisa badala ya saa sita, Gakuru akasingizia msongamano, na kumbe wazee wa Simel walikuwa wameshaenda zao. Simel hakugomba. Alisema tu, "Mara ya tatu mkichelewa, nitajua hamtaki mtoto yangu." Nailantei alilia wiki nzima. Sasa hii ndiyo ilikuwa mara ya tatu, saa sita ileile. Wazee wetu walikuwa wametangulia kwa matatu, wamebaki kutungoja sisi na kondoo.

Na taa ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi.

"Alternator haichaji betri," Ngugi alisema. Alikuwa ameshika mita, waya mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye hasi, injini ikinguruma. "Volti kumi na moja nukta nane, Dad. Inafaa kuwa kumi na nne."

"Mkanda umelegea," Gakuru akasema.

"Mkanda uko sawa. Nimeufinya."

"Basi ni waya."

Waya pia ulikuwa sawa. Mimi nilikuwa nazunguka uani na kitenge changu kipya, naenda mpaka getini, narudi, naangalia simu. Nilimpigia jirani yetu Obonyo atuazime pikapu yake. Alikuwa ameshafika Nkoroi na mzigo wa watu. Wengine wawili hawakupatikana.

Ngugi alizima injini, akatoa terminali, kile kichwa cha waya kinachobana betri, akalegeza mkanda na kuishusha alternator yote. Akaiweka juu ya gunia, akafungua kifuniko cha nyuma. Zile brashi za kaboni, vipande viwili vinavyotakiwa kugusa sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika hadi kubaki kama kucha. Hapo lazima nimsifu mume wangu. Aliingia stoo, akarudi na alternator kuukuu aliyonikataza kuwauzia watu wa vyuma, na brashi zake zilikuwa bado nzima. Walizihamisha, Ngugi akapangusa vumbi, wakarudisha kila kitu. Saa tatu na robo injini iliwaka. Taa ya betri ikazimika.

"Kumi na nne nukta moja," Ngugi akasoma. Nilimkumbatia na grisi zake zote.

Nilikuwa naenda kumfungua kondoo niliposikia Gakuru akisema, "Ngoja kwanza. Hiyo mita yako ni ya kichina. Wacha tuhakikishe vile sisi hufanya."

Madereva wote wa umri wake wanalijua jaribio hilo. Unaacha injini ikiwaka, unachomoa terminali ya betri. Injini isipozimika, alternator ni nzima. Kwa lori za zamani lilikuwa halina neno.

"Dad, usi—"

Alishachomoa. Taa za gari zilimulika ghafla kwa nguvu, kukawa na mlio mdogo, halafu injini ikafa. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia. Ngugi alirudisha terminali, akazungusha ufunguo mara nne, mara tano. Dashibodi haikuonyesha hata kitone.

"Umechoma kompyuta ya gari," Ngugi alisema polepole. "Ilikuwa imepona, Dad."

Nilikasirika. Gakuru alikaa juu ya gunia na suti yake, ameshika ule waya wa terminali. Kisha akatoa simu. "Nitamwambia Simel kuna ajali barabarani."

"Baba Ngugi," nikamwambia, "ukidanganya huyo mzee tena, mimi naenda Kisaju peke yangu na sirudi leo. Sema vile imekuwa."

Alinitazama sana. Akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Simel akajibu. "Mko wapi?"

"Niko kwangu. Gari ilikuwa imeharibika, kijana akatengeneza, ikapona. Halafu mimi nikaiharibu. Nilitaka kuonyesha najua. Hata ile siku ingine hakukuwa na jam. Nililala. Usihesabie kijana makosa yangu."

"Hiyo kondoo ni mgonjwa?" Simel akauliza.

"Hapana."

"Miguu iko?"

"Iko."

"Sasa mnangoja gari ya nini?" Akakata simu.

Tulitazamana. Ngugi alitaja bodaboda na matatu, nikakataa, maana kondoo angefungwa miguu na Nailantei alikuwa ametuonya kwamba kondoo huyo asifike na jeraha wala alama ya kamba. Kwa hiyo tukatembea. Watu watatu waliovaa vizuri, kando ya barabara ya Namanga, tukimswaga kondoo huku malori yakitupigia honi. Viatu vyangu nilivivua baada ya kilomita mbili. Kila dakika nilitazama saa, na kila kondoo alipoinama kula nilitamani kumbeba. Saa sita ilitupita tukiwa hatujaiona hata Kisaju yenyewe, na nikajua tumekwisha.

Ndipo tukamwona Simel. Alikuwa amesimama kando ya barabara na fimbo yake, pamoja na kaka yake mkubwa aliyetoka Kajiado kuongoza kikao. Walikuwa wamekuja kutupokea kwa miguu. Simel alimpapasa kondoo mgongoni, akamtazama miguu yote minne, kisha akachukua kamba mkononi mwa Gakuru.

"Twende nyumbani, pakerr," akamwambia.

Hivyo ndivyo Wamaasai wanavyoitana wakishapeana kondoo, na Nailantei alikuwa ametuambia kwamba mzee halitamki jina hilo kabla kondoo hajaingia bomani. Wetu alikuwa bado barabarani. Ngugi alinishika bega kwa nguvu. Nilikuwa na maneno mengi niliyomwekea mume wangu njia nzima, lakini nilipogeuka nilimkuta analia palepale barabarani, amejifunika uso kwa mikono ambayo bado ilikuwa na grisi.