Kreti za Wageni

Watu wa Nyamira hawamkatai mgeni usoni. Bwana Obadiah wa kampuni ya vinywaji aliposimama mbele ya duka langu siku ya soko na kuuliza nani atarudisha chupa za plastiki, mikono yote ilipanda. Mwalimu Nyamusi wa Sironga, mteja wangu mkubwa, aliinua miwili. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi: ukinunua soda au maji unaongeza shilingi tano juu ya bei, ukirudisha chupa tupu unapewa tano zako. Chupa za kioo tumezirudisha hivyo hivyo tangu marehemu baba yangu, Mzee Zaki, alipofungua duka hili. Nilikubali duka langu liwe kituo cha kuzipokea, nikamwambia Obadiah asiwe na shaka, watu hawa nawajua.

Nilikuwa na langu pia. Mtaro wa nyuma ya duka huzibwa na chupa kila mvua kubwa ikinyesha, na masika yaliyopita maji yaliingia stoo yakaharibu unga na sukari. Kaka yangu Gulled alinipigia simu kutoka Kisii akasema yakiingia tena tunauza duka. Duka la baba! Nilimkatia simu.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Aliyeleta chupa alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Mose, anayezunguka mji na gunia lake la chupa na vyuma chakavu tangu mimi nikiwa msichana. Obadiah akarudi, akachungulia kona niliyotenga, akatikisa kichwa.

"Mama, watu wako wanakubali na mdomo tu. Ikikaa hivi mpaka mwisho wa mwezi, hii kituo tunapeleka Marani."

"Marani wana nini ambacho sisi hatuna?"

Akaenda zake. Mimi hasira yangu haijui kukaa kitako. Nilifunga duka mchana kweupe, nikapanda pikipiki hadi Sironga kumuuliza mwalimu Nyamusi ile mikono miwili aliiinulia nini.

Nilimkuta jikoni. Nyuma ya mlango palikuwa na gunia, nami nikalifungua bila kuomba ruhusa. Ndani zilikuwa chupa za plastiki, zimeoshwa na kufungwa vifuniko.

"Mwalimu! Hizi zinangoja nini?"

"Mama Ladan, keti kwanza unywe chai."

"Chai baadaye."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unataka mimi nipite soko na hiyo gunia? Wanafunzi wangu wako hapo, wazazi wao wako hapo. Jioni watasema mwalimu ameanza kuokota takataka. Yaya, hapana, hiyo siwezi."

"Na ile je?" Nilimwonyesha kreti ya chupa za kioo iliyokuwa kando ya meza.

"Ile ni kreti! Ukiibeba watu wanakuuliza, mlikuwa na wageni? Hiyo naweka kwa kichwa na napita katikati ya soko." Akanimiminia chai hata hivyo. "Na wewe pia, Mama Ladan. Mzee Mose unampokelea wapi?"

Nilikuwa nikimpokelea mlango wa nyuma, ili gunia lake lisiwakere wateja, na soko zima liliona. Niliwaambia watu chupa hizi ni mali, kisha nikawaonyesha kwamba anayezileta hupitishwa uani. Aibu ilinishika barabara. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na afadhali yangu yalikuwa yamefichuliwa kabla mwezi haujaisha. Niliinywa ile chai haraka mpaka ikaniunguza ulimi.

Stoo ilikuwa na kreti za zamani za baba, zimerundikana hadi darini. Nilivikata vigawanyo vya ndani ili chupa za plastiki zienee, nikazisugua kreti zikang'aa, nikazipanga mbele ya duka. Kila mteja aliondoka na moja.

"Ikijaa, irudi," niliwaambia. "Na ipitie mlango wa mbele."

Siku ya soko iliyofuata, mwalimu Nyamusi alitokea njia ya Sironga, kreti kichwani, mgongo umenyooka, akitembea polepole makusudi.

"Bwakire, mwalimu!" Esnah wa saluni alimwamkia kwa Kigusii kutoka mlangoni kwake. "Mlikuwa na wageni?"

"Walikuwa wengi," akajibu bila kupepesa macho. Zile chupa zilikuwa za maji aliyokunywa peke yake akisahihisha mitihani.

Esnah aliingia ndani akatoka na kreti yake. Wakafuata makarani, wakafuata mama mboga, na kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Kreti zikaniishia. Nilimpigia Obadiah simu aniletee nyingine.

"Zaidi?" aliuliza.

"Zaidi. Na Marani waambie wangoje zamu yao."

Mvua kubwa ilinyesha baada ya hapo. Nilisimama uani na fagio mkononi, nikiukodolea macho mtaro. Maji yalijaa, yakanguruma, yakapita. Nilimpigia Gulled, nikaielekeza simu kwenye mtaro asikie mwenyewe.

Asubuhi yake Mzee Mose alikuja na gunia lake, akagonga mlango wa nyuma kama kawaida.

"Hapa nimefunga, mzee," nilimwambia.

Aliinamisha kichwa, akaanza kugeuka. Amezoea kufukuzwa. Nilimshika mkono, nikampa kreti. Akachuchumaa, akazipanga chupa zake ndani, moja moja, zote zikiangalia juu. Akaiweka begani, akazunguka jengo.

Mwalimu Nyamusi alikuwa barazani akinywa soda. Alisimama, akamwamkia kama mtu anavyomwamkia baba yake.

"Bwakire, tata. Mlikuwa na wageni?"

Mzee Mose alimtazama kuona kama anachekwa. Hakuchekwa.

"Walikuwa wengi, mwalimu," akasema, akaingia kwa mlango wa mbele.