Kisigino Ndani ya Tairi

Watu wakija kununua tairi kuukuu hutazama meno. Wanapiga magoti, wanaingiza kidole gumba kwenye mifereji, wanatikisa kichwa kama daktari, halafu wanatoa pesa. Mimi huwacheka kimoyomoyo. Nimekata akala, viatu vya tairi, hapa karibu na soko la Nakuru tangu vita vya Hitler viishe, na sisi watu wa akala tunaanza na ndani, kwa sababu ndani ndiko unyayo wa mtu unakokaa. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri sana nje, kumbe nyuzi za ndani zimeoza, na ukizikata zinamwaga vumbi.

Kwa hiyo Jonah Kipketer aliponijia Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa hamsini na tisa, akaniomba nimchagulie tairi mbili, sikushangaa. Niliona amenipa heshima yangu.

Jonah alikuwa dereva wa mzungu mmoja huko Rongai. Mzungu alikuwa anarudi kwao, akamuuzia kigari chake cha spoti: cha kijani, viti viwili, hakina paa, rimu zake zina spoku kama za baiskeli. Watu walimcheka wakamuuliza mahindi atabebea wapi. Hakujali. Alikipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe mbele yangu, na nikaona haya kwa niaba yake, jinsi alivyokipenda.

Kwenye kiti cha pili alikaa dada yake, Jepkorir, na sanduku la bati mapajani. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi katika hospitali ya misheni huko ng'ambo ya Kericho, wa kwanza nyumbani kwao, na alitakiwa kufika siku hiyo kabla ya jua kutua. Tairi za mbele zilikuwa nzima. Za nyuma zilikuwa vipara mpaka nyuzi zinaonekana. Mpya za saizi ile nyembamba zilipaswa kuagizwa Nairobi, wiki mbili.

"Si mpande basi tu?" nikasema.

"Basi iko, mzee Obura," Jonah akasema. "Lakini mimi nataka huyu afike na gari ya kwao."

Nami nina binti, Akoth, na siku ningepata kitu cha kumfikisha nacho mahali, ningefanya vivyo hivyo.

Tukaenda kwa Hezekiah Khaemba, aliyeuza tairi kuukuu nyuma ya maghala ya mahindi. Hezekiah na mimi tulijuana vizuri. Tairi zisizofaa tena alinipa mimi nikakate akala. Nami nilimkatia gaita. Gaita ni kipande cha tairi kinachobandikwa ndani ya tairi lililotoboka, ili tyubu isichungulie nje. Nilimkatia ndogo na kubwa, kila wiki. Aliniambia ni za mikokoteni ya punda.

Alikuwa na tairi tatu za saizi ile. La kwanza lilikuwa limepasuka kwa jua, nikalisukuma kando. La pili nilizungusha mkono ndani mara mbili, nikalinusa, nikalikunja, likakataa kukunjika. Zuri. La tatu ndilo lililomfanya Jonah atabasamu, maana meno yake yalikuwa karibu mapya. Hezekiah alikuwa amelimwagia poda nyeupe ndani, kama tairi linalotunzwa.

Nikaingiza mkono. Chini ya poda vidole vyangu vilipanda ukingo mdogo, vikaufuata, vikageuka nao. Ulikuwa mviringo wa kisigino. Fundi mwingine angekata gaita ya pembe nne. Mimi mkono umezoea akala, na kila nikikata kipande cha tairi, upande mmoja unatoka kisigino, nitake nisitake.

Hezekiah alikuwa ananitazama.

"Iko sawa, ama namna gani, fundi?" akauliza.

Nilifikiria ile barabara ya kupanda hadi Mau Summit halafu kuteremka Kericho, na mguu wa Jonah, ambaye hangekwenda pole hata kama angeapishwa. Tairi likipata moto, gundi inaachia. Punda hapati moto huo. Na hapo, kusema kweli, niliona aibu, kwa sababu punda wa Nakuru nzima hawangeweza kumaliza gaita nilizokata. Nilijua nusu. Nusu ya pili sikutaka kuijua.

Nikajaribu njia ya mkato. "Hii ni nzito kwa gari lako. Tafuta nyingine."

"Nzito aje, mzee? Hii ndiyo iko na meno kushinda zote," Jonah akasema, na tayari alikuwa ameishika.

"Weka chini."

"Kwa nini?"

"Iko na gaita ndani. Mimi ndiye nilikata."

Hezekiah hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Na kesho akala utakata na tairi ya nani?" Nilimwelewa. Kwake ndiko nilikotoa mpira wangu wote, na mke wangu Awuor angeniuliza swali hilo hilo jioni.

Jonah aliingiza mkono, akaupapasa ule mviringo, akautoa ukiwa mweupe kwa poda. Nilidhani atanishukuru, na nakiri nilikuwa nasubiri hiyo shukrani. Aliyesema ni Jepkorir, aliyekuwa ameshuka garini, ameweka sanduku chini na kusimama nyuma yetu.

"Mzee, umekata ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Za namna hii."

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mgonjwa anaumwa tangu lini. Nikaanza kuhesabu toka Pasaka ya mwaka uliopita, nikapotea.

"Sijui, mama," nikasema.

"Na ziko kwa gari za nani?"

Hilo nalo sikulijua. Akanitazama kidogo, akainama, akaokota sanduku lake. "Mimi nitaenda na basi," akamwambia kaka yake. "Wewe ngoja tairi ya Nairobi." Jonah akaitikia kwa kichwa tu. Uchungu wake niliuona na ulinichoma, maana ni mimi niliyekuwa nimeukata kwa kisu changu.

Basi la Kericho lilikuwa ng'ambo ya barabara, linapakia magunia. Jepkorir akashika njia.

"Na hiyo basi," Hezekiah akasema nyuma yetu, anafuta mikono, "mnafikiri inanunua tairi wapi?"

Jepkorir alisimama. Jonah aligeuka kunitazama mimi, si Hezekiah. Kina mama walikuwa wanapanda na watoto mgongoni, na dereva alikuwa ameshawasha injini.

Nilivuka barabara. Nikamwambia dereva azime. Akaniuliza mimi ni nani wa kumwambia azime, nikamtajia jina langu, halafu nikamwambia kazi yangu: akala, na gaita.