Dada wa Kombora

Asubuhi jeshi la India lilipofika kijiji cha Kotli, karibu na mpaka wa Pakistani, Malkiat Singh alikuwa uani akiziba tundu la panya kwenye hema jekundu. Alikuwa na mahema mengi ya kukodisha kwa harusi za vijiji vya jirani, lakini hilo lenye nakshi za dhahabu hakuwahi kumkodishia mtu. Alilitunza kwa ajili ya binti yake, Nimrat, aliyekuwa aolewe na Gurtej ngano ikishavunwa.

Meja Nambiar alishuka garini, akavua miwani, akalitazama hema kwa mapenzi. Nyuma yake barabarani lilisimama lori refu lenye kombora mgongoni, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshaanza kula matawi yaliyofungwa juu yake ili kulificha.

"Mzee, hema hili linatosha lori?"

"Linatosha ukoo mzima, afande. Ila lina mwenyewe."

"Lilikuwa na mwenyewe," Meja alimsahihisha kwa adabu.

Setilaiti za Pakistani, alieleza, zilikuwa zinaona kila ghala na kila handaki. Kitu pekee ambacho mtu hakishuku huku Punjabi ni hema la harusi. Basi kufikia adhuhuri kombora lilikuwa limelala uani kwa Malkiat, chini ya nakshi za dhahabu, likielekea magharibi. Kichwani lilibeba kitu cha kufuta mji mzima na watu wake, na jambo hilo halikutajwa wakati wa chai.

Lakini hema la harusi lisilo na harusi linatia shaka. Meja alikuwa mtu wa pwani ya kusini, na kuhusu harusi za Kipunjabi alijua tu kwamba zina kelele. Akaagiza ngoma, wapishi na wanawake. "Fanyeni kama mnavyofanya siku zote," aliwaambia. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu wanawake wa Kotli hawajui kuigiza harusi. Bibi Basant Kaur, mama yake Malkiat, alichanganya unga wa shayiri, manjano na mafuta ya haradali, na wenzake wakalipaka kombora kuanzia nchani hadi mkiani huku wakiimba matusi ya harusini.

"Bwana harusi mrefu namna hii, kitanda atakipata wapi?"

"Ana kichwa kikubwa, akili hana!"

"Kama baba mkwe wako!"

Kesho yake kombora lilikuwa na joto la mwili. Mtu akishapakwa manjano hatoki nyumbani wala haachwi peke yake mpaka aende kuoa, na kombora lilifuata hivyo hivyo. Askari wa zamu walipokwenda kula, liliguna kinyonge mpaka wakarudi. Bibi Basant akaliwekea upanga ubavuni kuzuia husuda. Meja alipeleka taarifa Delhi, akajibiwa kwamba joto hilo liko ndani ya kiwango kinachokubalika.

Haikupita muda, ng'ambo ya mpaka nako mahema ya harusi yakaota kila kona, hata kwenye wilaya ambayo, kwa mujibu wa Meja, wasichana wa kuolewa walikwisha tangu mwaka jana. Ndipo serikali zote mbili zikaamua, kila moja kwa siri ambayo kila mtu aliijua, kwamba hema lolote la harusi ni shabaha. Watu wakaanza kuozana majikoni, bila ngoma, milango imefungwa. Ilikuwa aibu na ilikuwa hofu, na kila mmoja aliimeza kivyake.

Nimrat hakumeza. Alimfuata Meja.

"Afande, hema langu nitalipata lini?"

"Hali ikitulia, binti."

"Hali ya nani?"

Meja akavaa miwani yake.

Asubuhi ya siku ambayo Nimrat mwenyewe alikuwa aolewe, kombora lilianza kuinuka. Liliinuka taratibu, likasukuma kitambaa chekundu juu mpaka kamba za hema zikalia. Injini ya lori ikawaka. Meja alipapasa mifukoni, akazikuta funguo zake zote.

"Nani kabonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza," alisema Bibi Basant. "Saa yake imefika. Anakwenda kuoa."

"Kuoa wapi?"

Bibi akaonyesha magharibi kwa kidevu. "Na wa kule anakuja huku. Unadhani wao hawana manjano?"

 Meja akauliza bwana harusi anazuiwaje.

"Hazuiwi. Anacheleweshwa tu. Dada yake hushika hatamu za farasi anayempeleka kuoa, na hamwachii mpaka apewe anachotaka."

"Hili lina dada?"

Watu wote wakamgeukia Nimrat, kwa maana lilikuwa limelala kwa baba yake, chini ya hema lake, na limepakwa kwa mkono wa bibi yake.

"Limeninyang'anya hema," Nimrat alisema kwa hasira. "Sasa niliite kaka?"

"Mjukuu wangu, shika kwanza. Ugomvi baadaye."

Magurudumu yalishaanza kuviringika. Bibi alifungua kamba nyekundu ya hema, akaifunga kwenye pua ya lori, akamwaga dengu zilizolowekwa mbele ya gurudumu kama wanavyolishwa farasi. Nimrat akashika. Kamba ilimchuna viganja. Lori likasimama, injini ikazima, na kombora likashuka kidogo, likatulia. Mbuzi mmoja akalia.

Desturi inataka dada aulizwe. Meja akamuuliza.

"Unataka nini, binti?"

"Nataka harusi yangu. Leo, chini ya hema hili."

Kilikuwa kitu kidogo mno. Meja alishafungua mdomo kukubali, Bibi Basant akamziba kwa kiganja chake cha manjano.

"Ukimpa, itabidi aachie."

Ikatoka amri kwamba Nimrat asipewe kitu chochote na mtu yeyote. Meja aliuliza kama chai ni zawadi, Bibi akasema chai si zawadi, ni chai. Blanketi aliazimwa. Gurtej alipofika na boksi la bangili za biharusi, askari walimzuia getini kwa bunduki, wakimwomba radhi. Alisimama kwenye mabua ya ngano iliyovunwa, akaliinua juu lile boksi ili angalau alione.

"Usinipe!" Nimrat alipiga kelele. "Gurtej, tafadhali, usinipe!"

Alicheka, kisha akalia, na hakuweza kufuta machozi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Askari wakaleta habari kwamba ng'ambo nako kuna msichana anashika. Jina lake halikujulikana. Ila nyakati nyingine, Nimrat alipobadilisha mkono, alihisi kwenye kamba mvuto mdogo kutoka magharibi, wa mtu naye anayebadilisha mkono. Alimwambia bibi yake tu.

Wakubwa wa Delhi walikuja, wakaipima kamba, wakaridhika. Magazeti ya pande zote mbili yaliandika kwamba amani imepatikana na inadumu. Mama yake Gurtej alingoja kadiri alivyoweza, kisha akamwozesha kijana wake kwa msichana mwingine, jikoni, bila ngoma. Malkiat ndiye aliyempelekea binti yake habari hiyo, maana hakutaka aisikie kwa askari. Nimrat alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba amkune mgongo.

Ngano ilipoiva tena, Meja Nambiar alirudi kwa Malkiat. Barabarani lilisimama lori refu kuliko lile la kwanza, kwa sababu ng'ambo walikuwa wameongeza kombora la pili, na la kwao lilikuwa refu zaidi.

"Mzee, una hema jingine?"

"Lipo la bluu," Malkiat alijibu shingo upande. Nyuma yake Bibi Basant alikuwa anatafuta chungu cha manjano.

"Na binti mwingine?"

"Sina, afande. Huyo ndiye pekee niliyejaliwa."

Nyuma ya ukuta wa jirani wasichana walikuwa wakifua nguo na kutaniana kwa sauti. Meja aligeuza kichwa, akasikiliza.

"Si lazima awe wako," alisema.