Gari Jekundu la Hafidhi

…na kumbe ni zito, miaka yote nililitazama kwa macho tu nikadhani plastiki, kumbe chuma, chuma baridi kama sufuria iliyolala nje, gari dogo jekundu la mashindano, la kizungu, mfano wa yale ya zamani ambayo dereva alikaa kichwa nje akipigwa na upepo, ubavuni duara jeupe lenye namba, magurudumu ya spoku nyembamba kama sindano, usukani mdogo kuliko kifungo cha shati, nimelishika kwa mikono miwili na Mzee Kibwana, mkubwa wa ukoo, ananitazama, wote wananitazama, ameniuliza mara ya kwanza, wewe nani, nikasoma namba ya ubavuni, ameniuliza mara ya pili, wewe nani, nikajifanya nakohoa, na jibu lake kila mtu humu sebuleni analijua, hata kuku wa nje wanalijua, natakiwa niseme mimi ni Hafidhi, basi, mjomba Hafidhi tumemzika, leo tunamaliza tanga, na kwetu sisi Waluguru mtu hafi na jina lake, jina linabaki linazunguka linatafuta kichwa cha kukalia, wala haliendi kwa mtoto wa kumzaa, linakwenda kwa mtoto wa dada, yaani mimi, Athumani, bachelor of arts in public administration, upper second, thank you very much, nimekaa kwenye mkeka hapa Mlali nimekunja miguu mpaka imekufa ganzi, nimevikwa kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu inanibana, alikuwa na kichwa kidogo kumbe, kichwa kidogo na maneno makubwa… nikisema tu mimi ni Hafidhi nimekwisha, ndiyo nimeshakuwa yeye, mama yangu mzazi pale pembeni na wanawake wenzake ataniita kaka, kwa mdomo ule ule uliokuwa ukilowesha ncha ya kanga kunifuta uso, na Salum, mtoto wa marehemu, Salum mwenye ajira Dar, Salum mwenye kitambi cha ofisi, ataniamkia shikamoo baba, na kusema kweli hiyo peke yake inatamanisha, lakini baada ya hapo ni nini, mashamba ya ukoo kule juu, matuta ya maharage yaliyoshikilia mteremko kama yamegandishwa kwa gundi, ni yangu, yaani si yangu, ni ya ukoo, langu ni kuyalinda, na kesi zote zangu, nani kasogeza mpaka, nani kampa nani mimba, nani amekufa hana sanda, kamwiteni Hafidhi, na Hafidhi haishi mjini Mwembesongo kwenye chumba cha kupanga anafungua email mara ishirini kwa siku, Hafidhi anaishi hapa, na anazikwa hapa.

Mimi nilikuja na mpango. Mpango mwepesi kabisa, nakaa kwenye mkeka kwa adabu, nasema wazee wangu nashukuru sana ila jina mpeni mwingine, wapwa wako wengi, mimi nipeni lile gari tu liwe kumbukumbu, nalifunga kwenye taulo, saa sita niko barabarani, na Mlali tutaonana nikiletwa nimelala. Clean exit. Hakuna aliyeniambia kwamba mrithi hushikishwa kitendea kazi cha marehemu, aliyekuwa mkulima jembe, aliyekuwa fundi nyundo, na mjomba alikuwa dereva, na Land Rover aliyokuwa anaiendesha ilikuwa ya watu na ilikwenda na watu wake, basi Mzee Kibwana kaangaza macho chumba kizima, kaliona juu ya kabati, kalishusha, kanitia mikononi, kasema hili ndilo gari lake, likamate, ukilikataa jina liweke chini, atakayekubali atalikamata yeye. Game over. Vyote au nikose vyote, na mimi nilitaka hiki kimoja tu, tangu nikiwa na kamasi… mwacheni ajifunze gia kwanza, anasema Bi Asha, wanawake wanacheka, Bi Asha ni mtani wa ukoo, msibani ana leseni ya kumtukana yeyote na mtani hakasirikiwi, ukikasirika ndiyo umempa wali na nyama, mshukuruni marehemu, anasema, kafa kamwachia mtoto ajira, haya msomi, ondoa gari, hilo halinywi mafuta, na mama naye anacheka, nimemwona, amejifunika na kanga lakini mabega yanatikisika.

Oya, Salum ananinong'oneza, amechutama nyuma yangu ananukia manukato ya Dar, oya Athu, mzee hakuacha boksi lake… boksi gani… boksi la gari bwana, nimelipiga picha jana nikalitafuta mtandaoni, hiyo kitu ni collectible, wazungu wanaigombania, ila wanataka na boksi lake la original, sema ndiyo basi bro, jina chukua wewe, gari mimi ntajua pa kulipeleka, tunagawana. Bro. Muda si mrefu huenda akaniita baba, sasa hivi ananiita bro. Boksi baba yako aliwekea mbegu za maboga, Salum, panya wakala mbegu wakala na boksi, ungekuwa unakuja ungejua, mimi ninajua kwa sababu nilikuwepo, nilikuwa namsaidia kufagia vile vipande vya karatasi vyenye maandishi ya Kiitaliano na yeye anasema maandishi matamu hayo, hata panya kayafurahia.

Mwitaliano, injinia wa barabara, mjomba alimwendesha miaka na miaka huko Dumila na mbele yake, vumbi mpaka kwenye kope, na Mwitaliano alikuwa amemwahidi pikipiki siku ya kuondoka, siku ya kuondoka akamkumbatia akampa hili, niliahidiwa pikipiki nikapewa gari, ndivyo alivyokuwa akisimulia, Hafidhi amepanda cheo, na anacheka mpaka anakohoa, na mimi mtoto wa darasa la nne nimelikodolea macho pale juu, mjomba niliguse, hapana, mjomba nipe basi, akasema faulu la saba, lako. Nikafaulu. La saba siku hizi hata mbuzi anafaulu, akasema, lete la form four. Nikaleta. Lete la six. Nikaleta. Lete digrii, hilo ni gari la watu wenye digrii. Nikaleta, nilikodi joho siku moja ya ziada nije nalo huku, nimesimama pale mlangoni kwenye jua, kofia ya pembe nne, jasho linachuruzika hadi kwenye soksi, shikamoo mjomba, marahaba baba, akanitazama kuanzia juu mpaka chini kama anakagua mzigo, akasema umependeza sana, sasa kazi, ukipata kazi tu njoo ulichukue. Akalipangusa vumbi kwa kiganja akalirudisha juu. Kazi. Tumesailiwa uwanja mzima wa mpira, tumekaa kwenye majani na kalamu mdomoni, nafasi mbili, we regret to inform you, anatakiwa mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitano, uzoefu wa kuzaliwa labda, na kila Idd nakuja hapa, nakula pilau lake, na kabla sijanawa mikono, umeshapata… bado mjomba… haya, nalo linakungoja. Linakungoja. Nilimchukia kwa neno hilo. Nilikuwa narudi Mwembesongo usiku nimelala nalitamka kwa sauti yake, linakungoja, linakungoja, mzee wa watu anatunza toy amelifanya wizara.

Bwana mdogo, anasema Mzee Kibwana, hatuna haraka, ila jua linapanda na watu hawajala, na anavuta pumzi kama anataka kuuliza mara ya tatu, halafu hapana, anaokota tasbihi yake iliyodondoka, ananipa muda… subiri. Subiri kwanza. Nikisema mimi ni Hafidhi, mimi ni Hafidhi, sivyo, si ndiyo sheria yao, basi gari ni la Hafidhi na Hafidhi anaweza kumpa amtakaye, na mimi ndiye Hafidhi, naweza kumwita Athumani hapa hapa, Athumani mwanangu, umeshapata kazi, bado mjomba, haidhuru, chukua, ni lako, bila masharti, bila miaka mitano ya uzoefu, ah, hiyo ni tamu, hiyo ningeilipia kiingilio, hebu tumwite, hebu tumtazame huyo Athumani kwa kutokea ndani ya hii kofia inayobana… anakuja, kavaa shati la interview, anasalimia vizuri, anakula, anaongea Kiingereza kingi na macho yako kabatini, namkabidhi, anapokea kwa mikono miwili, asante mjomba, analifunga kwenye taulo… na saa sita yuko barabarani. Tutaonana nikiletwa nimelala. Hayo ni maneno yangu, nimeyasema mwenyewe, si muda mrefu. Na yule mwingine je, yule Salum, yeye alipewa, kila alichotaka alipewa kabla hajamaliza kuomba, ada, simu, kiwanja cha Kihonda, akapokea akaaga, Idd ya mwisho Salum kula kwenye sinia hili ni lini, hata yeye hakumbuki, leo kaja na manukato anauliza boksi. Aliyepewa hakurudi. Aliyenyimwa alikuja kila Idd, kwa hasira, nauli ya kukopa, lakini alikuja, akafagia mbegu, akasikiliza ya Mwitaliano mara mia… mzee, mzee shetani wewe, ulinifunga kamba ndefu nikadhani najichunga mwenyewe. Au nakupamba tu kwa kuwa umekufa, labda ilikuwa roho mbaya ya kawaida, uchoyo wa mtu aliyeahidiwa pikipiki, sitajua, wa kumwuliza nimevaa kanzu yake. Lakini ulinijua. Hilo ndilo linaloniuma kama kidonda kwenye maji ya chumvi, CV yangu wamesoma watu wenye tai na hakuna aliyenielewa, dereva akanisoma mpaka saa ya kuondoka.

Kaka jibu basi jamani, mgongo wangu, anasema Mwanvita, dada yangu, amekaa amenyoosha miguu na tumbo la miezi ya mwisho limejaa mapajani kama mtungi, ukikataa kataa, watu tukale, na Bi Asha anamdaka hapo hapo, nyamaza wewe, huyo uliyembeba ndiye anatafutiwa mjomba hapa, unataka azaliwe na mjomba bubu, wanacheka tena, mimi sicheki, natazama lile tumbo, mtoto wa dada, mpwa, wangu, atazaliwa aje mjini asome au asisome, atakuwa na simu yake, ataniona mshamba mwenye kofia ndogo, atakuwa na mambo mengi kweli, na milima hii yote haina kitu cha kumfanya ashuke garini pale njia panda apande kwa miguu kuja kukaa na mtu mzee… Mzee Kibwana amenyanyua uso, tasbihi imetulia, sasa anauliza, najua sasa anauliza, na mikono yangu imelishika hili dude na vidole vimeshaanza kulipangusa vumbi vyenyewe, na macho yamepanda kabatini, si pale alipoliweka mjomba, pale mtoto anafika akisimama kwenye kiti, hapana, juu zaidi, karibu na dari, pale penye msumari… sijajibu bado, wala yeye hajazaliwa, na tayari nimeanza kumnyima.