Salamu za Maskati

Zulekha alipopelekwa mazoezi ya kufundisha katika skuli moja karibu na Mtambile, chuo kilimpa daftari jekundu. Humo alitakiwa aandike habari za mwanafunzi mmoja mwenye shida: kimemsibu nini, mwalimu kamsaidia vipi, na kumeonekana mabadiliko gani. Daftari hilo peke yake lilikuwa na alama arubaini.

Mwanafunzi hakumtafuta mbali. Mwatima wa kidato cha pili alikaa nyuma kabisa, haandiki, hajibu, na kila akichelewa alichapwa mikononi bila ya kutoa hata chozi.

"Kiburi tu huyo," alisema Mwalimu Ummkulthum, aliyekuwa jirani wa kina Mwatima. "Mama yake yuko Maskati kazini, akose nini?"

Zulekha hakumchapa. Alimpa kazi ya kumkusanyia madaftari, na jioni wakitoka wakifuatana hadi njia panda, wakizungumza habari za karafuu na mvua. Wiki ya tatu Mwatima akasimama katikati ya njia.

"Mwalimu, nikikwambia kitu utasema?"

"Wallahi simwambii mtu."

Ndipo akamweleza. Mama yake hajapiga simu wala kuandika tangu Ramadhani. Bibi yake, Bi Duni, ana presha na hajui kusoma. Siku za mwanzo aliambiwa hakuna ujumbe, akasusa chakula na dawa. Mwatima alipoona hali inamzidi, akashika simu akamsomea salamu zisizokuwepo: mama kakusalimu, kasema umeze dawa. Bibi akameza. Tangu siku hiyo hatii kidonge kinywani mpaka asomewe.

"Basi asubuhi nakaa nafikiri nimwambie nini," alisema Mwatima. "Ndiyo nachelewa. Mie maneno yamenishia, mwalimu."

Zulekha alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamwomba mtoto asichapwe, bila ya kutaja sababu. Akakubaliwa. Baada ya wiki mbili Mwatima alinyanyua mkono darasani kwa mara ya kwanza, akajibu swali la jiografia, na akajibu sawa.

Jambo hilo lilimpendeza Zulekha mno hata akaliandika. Jina hakulitia. Aliandika tu: mwanafunzi wa kike, kidato cha pili, mama yuko Maskati, analelewa na bibi mgonjwa. Akaeleza na zile salamu. Zikatimia kurasa nne, kazi nzuri kuliko zote alizopata kuandika.

Mkufunzi Haroub wa chuo alipokuja kumkagua, alilisoma daftari lile akatikisa kichwa kwa furaha. Akawaita walimu wote ofisini ili nao wafaidike, akaanza kuwasomea kwa sauti.

Zulekha alikuwa amesimama ubavuni mwake. Alimwona Mwalimu Ummkulthum ameiacha kalamu yake, midomo imemwachama. Angeweza kusema, basi, mwalimu, hapo pametosha. Lakini walimu waliomwita mtoto wa juzi sasa walikuwa wakimtazama kwa heshima, naye akanyamaza mpaka ukurasa wa mwisho.

Alasiri ile ile Mwalimu Ummkulthum alikwenda kwa Bi Duni. Alikwenda kwa huruma, kumpa pole. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa aliyekuwa akinisalimia mie ni nani?" Kabla ya magharibi alikuwa amepelekwa hospitali, upande wa kulia umekufa.

Wiki nzima Mwatima hakuonekana skuli. Bibi aliporudishwa nyumbani, Zulekha alikwenda kuwatazama, akamkuta mtoto uani anafua mashuka.

"Bibi hajambo?"

"Hasemi." Mwatima hakunyanyua macho. "Dawa namtilia kwa kijiko. Nikishika simu anageuza uso."

"Nisamehe, Mwatima. Jina lako sikuliandika."

"Uliapa, mwalimu."

Mwatima akalikamua shuka, akalitundika.

"Mwalimu Ummkulthum kasema umesifiwa sana. Umepata ngapi?"

"Thalathini na tisa."

"Katika ngapi?"

"Arubaini."

"Hongera," alisema mtoto, akachota maji mengine.

"Skuli utarudi lini?"

"Nani atakaa naye?"

Muhula uliofuata, Mkufunzi Haroub alimtaka Zulekha azungumze na wanachuo wa mwaka wa kwanza kabla hawajakwenda mazoezini, awaeleze namna ya kumfungua mwanafunzi aliyejifunga. Alikuwa na siku tatu za kukataa, asikatae. Alisimama mbele yao katika baibui jipya, akazungumza nusu saa, habari za kutembea pamoja, za kusikiliza, za mkono ulionyanyuliwa. Walimpigia makofi.

Msichana wa mbele akauliza, "Na sasa yuko vipi, huyo mwanafunzi?"

Mkufunzi Haroub akageuka naye kusikia, uso umemkunjuka.

"Anaendelea vizuri," alisema Zulekha, "alhamdulillahi."

Nao wakaandika.